Tini za Shemeji

Manga,
Jumapili, 11 Februari 2024

Shemeji Jethro,

Salamu za nyumbani utapewa na wengine. Mimi nina jambo moja tu.

Ijumaa asubuhi walikuja vijana wawili wamebeba msumeno wa injini, na Mogaka, huyo mtu wako wa kukutunzia shamba, akiwa mbele yao. Nikawauliza wanakwenda wapi. Mogaka akasema, "Mwenye shamba ametuma tukate mkuyu wa kisimani." Nikamuuliza, "Mwenye shamba ndiye nani?"

Nikateremka nikakaa juu ya mzizi wa mkuyu, kopo la maji magotini. Kijana mmoja akauwasha msumeno, nadhani alitaka kunitisha. Nikamwambia aanzie mguu wangu wa kushoto, ndio unaonisumbua siku hizi. Akauzima. Vijana wakaondoka.

Ndipo nikakupigia. Ukaniapia hukutuma mtu. Mogaka naye alikuwa amesimama hapo hapo, akanionyesha ujumbe wako kwenye simu yake.

Kwa hiyo simu yako sitaishika tena. Neno lako la simu leo liko hapa, kesho liko kule, na kesho kutwa hulijui. Ukiwa na la kusema, liandike na utie sahihi. Mpe barua kondakta wa gari la huku, aiache Kebirigo kwenye duka la Masese. Nami nitafanya hivyo hivyo.

Kisima kile kinanywewa na mlima mzima. Mkuyu ndio unaokifunika. Ulikuwepo kabla baba mkwe hajaoa, unazaa shinani na kwenye matawi manene, makuyu yameshikana kama shanga, na hakuna mtoto wa upande huu ambaye hajawahi kujaza mfuko. Wewe mwenyewe ulikuwa ukila hapo. Leo umekukosea nini?

Mimi,
Loice Kemuma,
Mjane wa kaka yako Fred Machogu


Eldoret,
20 Februari 2024

Mama Emily,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima. Sisi huku hatujambo.

Kwanza, sikupenda jinsi ulivyowafukuza watu walioletwa kwa kazi halali. Shamba la chini, kuanzia mpakani mpaka kisimani, baba alinigawia mimi. Wewe una la juu, na hakuna aliyekugusa.

Pili, naona hujaelewa mradi wangu. Mitini niliyopanda si miti ya porini. Ni tini za ng'ambo, za kula mezani. Zinakaushwa, zinauzwa hotelini. Huu ni mwaka wake wa tatu na inazaa, lakini kila tini ikifika ukubwa wa ncha ya kidole gumba inasinyaa na kuanguka. Mti mzima unabaki na majani. Nimempigia simu mtu aliyeniuzia miche, akaniuliza kama kuna miti ya jamii hiyo karibu. Nikamwambia kuna mkuyu kisimani na mgumo mpakani. Akasema basi tatizo ni hilo.

Pasua kuyu lolote ujionee. Ndani kuna vijidudu, vingine vinatoka na mabawa. Mgumo ni vivyo hivyo, vitunda vyake vidogo kama mbaazi vimejaa wadudu. Hao ndio wanaohamia kwenye tini zangu na kuziharibu. Yote mitatu ni ndugu, ina maziwa yale yale ukivunja jani. Ugonjwa wa ndugu humpata ndugu.

Nakuomba uache ubishi wa mila. Huu ni ukulima wa kisasa. Mkuyu utakatwa, na mgumo utafuata.

Wako,
Jethro Nyakundi


Manga,
27 Februari 2024

Jethro,

Unaniambia mimi sielewi mradi wako. Nilikuwa hapa ulipoanza. Ulikuja na gari la kukodi ukang'oa chai kwa siku moja, chai niliyoipalilia na kuichuma tangu Emily akiwa mgongoni. Hukuniuliza. Nilirudi kutoka kanisani nikakuta mashina yamelala mizizi juu kama kuku waliochinjwa. Nilinyamaza kwa sababu ni shamba lako kwa mgao, kama unavyopenda kunikumbusha. Nilinyamaza pia kwa sababu Fred alikuwa na majuma machache tu kaburini, na sikuwa na nguvu za kugombana na mdogo wake.

Makuyu yamekuwa na vijidudu tangu nijue kula. Tunayapasua, tunayapuliza, tunakula. Vijidudu hivyo havijawahi kugusa parachichi langu, wala mapera, wala ndizi. Kama vinapenda tini zako peke yake, niambie vimezijuaje.

Lakini kwenye mgumo umesema kweli usiyoijua. Ule wa mpakani haukupandwa na mtu. Ndege aliacha mbegu juu ya mti mwingine, mgumo ukaota huko juu kama mgeni, ukashusha mizizi pole pole, ukaukumbatia mwenyeji wake mpaka akaoza ndani. Leo ukiutazama unadhani ulikuwepo wenyewe tangu mwanzo. Ndivyo unavyotufanyia sisi kwenye shamba hili.

Usitume watu. Njoo mwenyewe uzitazame tini zako. Tangu mwaka jana hujakanyaga hapa.

Loice


Eldoret,
8 Machi 2024

Mama Emily,

Umenifananisha na mti unaoua. Sawa. Mimi nina swali kwako, na nitakuuliza kwa adabu.

Mogaka anasema amekuona zaidi ya mara moja, kabla jua halijatoka, umeshika karai kwenye mitini yangu. Unaokota tini zilizoanguka, unazipeleka kwako, unachimba na kuzifukia. Amekuona kwa macho yake. Hukumwambia mtu, na hukuniandikia habari hiyo katika barua zako zote mbili za matusi.

Sikushtaki. Nauliza tu. Lakini wewe ni mtu mzima na unajua watu wa kwetu humwita nani yule anayezika vitu vya mwenzake alfajiri. Hukuutaka mradi huu tangu siku ya kwanza, umeandika kwa mkono wako mwenyewe. Miti yenye afya inatupa matunda bila sababu. Mtu mwenye akili aunganishe vipi mambo haya?

Nimemwambia Mogaka akuchunge. Nimemwambia pia kwa nini.

Jethro Nyakundi


Birongo, kwa Emily,
19 Machi 2024

Jethro,

Niko kwa binti yangu. Mkono wangu wa kulia umefungwa bendeji, kwa hiyo Emily anaandika na mimi nasema. Nimemkataza kulainisha neno lolote.

Barua yako ilinifikia Jumanne. Alhamisi, siku ya soko, Mogaka alisimama Kebirigo mbele ya wauza ndizi akasema kwa sauti kwamba Jethro wa Eldoret ameandika kuwa shemeji yake amefanyia shamba dawa. Alisema jina lako. Alilisema lile neno, omorogi. Wewe ulilizunguka kwa adabu yako, yeye akalitamka. Mchawi.

Siku hiyo hiyo watu walikuja saa kumi, jua bado linawaka. Hawakuficha nyuso. Nilikuwa nachambua mboga mlangoni. Nilimjua kila mmoja, Jethro. Wengine niliwapikia kwenye matanga ya mama zao. Mmoja Fred alimfundisha kuendesha baiskeli. Wakaniuliza, "Umezika nini?" Nikasema, "Njooni niwaonyeshe." Hawakutaka kuonyeshwa. Mtu akarusha kijinga cha moto kwenye paa la jikoni. Nikaingia kumtoa mbuzi aliyekuwa amefungwa ndani, na hapo ndipo mkono ukaungua. Mbuzi alitoka. Jiko lilikwisha. Walikuwa wakielekea nyumba kubwa.

Aliyewasimamisha ni Lorna, mke wa Mogaka. Alipanda kutoka kisimani na mtungi kichwani, akaupasua chini katikati yao. Akasema, "Mkimgusa huyu, mniguse na mimi, kwa sababu ndizi za mashimo yale nimezila mwaka mzima na watoto wangu." Mume wake alikuwa amesimama pale pale. Lorna akanishika mkono ulio mzima, tukapita katikati ya chai ya jirani mpaka barabarani, akapanda nami bodaboda mpaka hapa.

Umeuliza nafukia nini. Mashimo ya ndizi, Jethro. Kila mwanamke wa Manga anatupa majani, majivu na matunda yaliyooza kwenye mashimo ya ndizi. Tini zako zilikuwa zinaoza chini na kuleta nzi mpaka mlangoni kwangu. Nilikwenda kabla jua halijatoka kwa sababu jua likitoka nina kazi nyingine. Ungekuja ungeona. Ungeuliza ungejibiwa. Wewe ulichagua kumuuliza Mogaka.

Nimeripoti polisi. Nimetaja majina. La Mogaka ni la kwanza.

Loice
(kwa mkono wa Emily)


Eldoret,
2 Aprili 2024

Mama Emily,

Nimeshika kalamu mara nyingi na kuiweka. Nimeshtuka sana. Sikutegemea mambo yafike huko. Mogaka alinielewa vibaya.

Baada ya barua yako nilibeba tawi la mtini pamoja na tini zilizoanguka, ambavyo niliagiza niletewe, nikaenda kwa mtaalamu wa miti anayefundisha chuoni huku. Nataka ujue alichoniambia, kwa sababu kinakuondolea lawama kabisa.

Alizipasua mezani kwake. Alisema kumbe tini si tunda kama tunavyodhani. Ni mfuko wa maua yaliyogeukia ndani. Nyuki hawezi kuyafikia. Anayeyafikia ni nyigu mdogo kuliko sisimizi, anayeingia kwa tundu la mbele na kubeba chavua. Na kila mti wa jamii hii una nyigu wake. Wa mkuyu hamjui wa mgumo, na wa mgumo hamjui wa mkuyu. Wale vijidudu niliowalaumu ndio wanaoufanya mkuyu uzae. Hawawezi kuiharibu mitini yangu, na wala hawawezi kuisaidia.

Kuna mitini inayoivisha bila nyigu, na ndiyo niliyodhani nimenunua. Niliyouziwa ni ya aina nyingine, inayomhitaji nyigu wake wa kwao, na nyigu huyo huku kwetu hayupo. Bila yeye, tini inakua kidogo, inangoja, inaanguka. Ingeanguka hata kama usingekuwepo duniani. Niliyenunua kwake hashiki simu tena. Nilikaa pale nikiwaza mkuyu ungekuwa umekatwa bure.

Kwa hiyo mkuyu ubaki, na mgumo pia. Mimi nimekosa, naomba unisamehe. Nitaleta mabati na mbao, jiko lijengwe upya, kubwa kuliko la kwanza.

Ombi moja. Mambo haya ya polisi tuyarudishe nyumbani. Mogaka ana watoto. Wazee wa ukoo wanaweza kukaa, akatozwa kondoo, yakaisha. Kesi ikienda mbele, jina la familia litasomwa kortini.

Shemeji yako,
Jethro


Birongo,
10 Aprili 2024

Jethro,

Mkono umepona kiasi cha kushika kalamu, na nimefurahi, kwa sababu hii nataka kuiandika mwenyewe.

Umeniandikia ukurasa mzima wa nyigu na mistari miwili ya kuomba msamaha. Nimesoma habari za nyigu. Ni nzuri. Lakini unasema zinaniondolea lawama. Lawama gani? Kama mtaalamu wako angesema hajui kwa nini tini zinaanguka, mimi leo ningekuwa mchawi? Kama miti ingekuwa na ugonjwa usio na jina, ungewaacha wamalizie nyumba kubwa? Ulimhitaji mtu wa chuo apasue tunda ndipo ujue kwamba mke wa kaka yako, aliyemwosha mama yako hadi siku aliyokufa, hakuroga shamba.

Mogaka hakukuelewa vibaya. Alikuelewa vizuri sana. Alisoma kilichokuwa katikati ya mistari yako, akakifanyia kazi. Ndiyo kazi uliyomwajiri.

Jina la familia unaloogopa lisisomwe kortini lilishasomwa, Kebirigo, siku ya soko, likiwa limebandikwa kwangu. Wakati ule hukuogopa.

Mabati sitaki. Jiko nitajenga na mwanamke aliyevunja mtungi wake kwa ajili yangu. Kutoka kwako nataka mambo matatu, na haya usimtume mtu.

Nenda polisi uandike ushahidi. Useme ulichomwambia Mogaka, neno kwa neno, hata kama kitakushika na wewe.

Njoo barazani kwa chifu, usimame mbele ya watu wale wale, useme ulinisingizia. Usiseme ulielewa vibaya, wala usiseme shetani alikupitia. Useme ulinisingizia.

Ukimaliza, uje nyumbani kwangu ule. Mchana, mlango wazi, benchi nje, watu wakipita wakuone. Wewe ni mtu wa Manga, unajua maana yake. Tangu siku ile hakuna mtu aliyekubali hata kikombe cha uji kutoka kwa mikono yangu, isipokuwa binti yangu na Lorna. Mtoto wa jirani wa Emily hapa Birongo nilimpa ndizi, mama yake akaja akaichukua mkononi mwake akaitupa huku akinichekea kwa heshima. Hiyo ndiyo habari uliyotaka iishie nyumbani.

Usipofanya hayo, usiniandikie tena.

Loice Kemuma


Eldoret,
6 Mei 2024

Mama Emily,

Nimetoka kwa polisi Nyamira leo. Nimeandika ushahidi. Afisa aliniuliza kama najua ninajitia mwenyewe ndani ya kesi, nikamwambia najua.

Nilipita nyumbani bila kukuambia. Nilisimama jikoni pako, mahali palipokuwa jiko. Nilidhani nitaona majivu. Majani yameshaota.

Sina zaidi la kujitetea. Baraza ni tarehe kumi na sita. Nitakuja.

Jethro


Manga,
26 Mei 2024

Jethro,

Nimerudi kwangu. Jiko limesimama, la udongo, mlango unatazama barabara. Lorna ndiye aliyekanda udongo, Emily akaezeka na mume wake. Mogaka yuko nje kwa dhamana na amehamia kwa ndugu zake, Lorna hakumfuata. Kesi itatajwa mwezi wa saba na nitakwenda.

Nakuandikia kwa sababu ulipoondoka hatukusemezana vizuri, na sipendi kubaki na neno.

Barazani ulisema. Nilikuwa nimekaa nyuma na akina mama. Ulilisema lile "nilimsingizia", na uliporudi kukaa hakuna aliyekupisha benchi. Nilidhani nitafurahi kuona hivyo. Sikufurahi. Nilikuona mdogo, kama ulivyokuwa siku Fred alipokuleta uje unisalimie mara ya kwanza, viatu vikubwa kuliko miguu. Kisha nikaukumbuka moto, hasira ikarudi mahali pake.

Ukaja kwangu. Benchi lilikuwa nje kama nilivyosema. Nilipika ugali wa wimbi, mboga ya chinsaga iliyolala kwenye maziwa, na kuku. Watu walipita. Kuna waliopunguza mwendo. Mama wa pale juu, aliyekuwa amekataza watoto wake kuchota maji nikiwa kisimani, alisimama akakusalimia akakuona unatafuna. Juzi mtoto wake alinipokea kuyu mkononi na akalila mbele ya mama yake. Hilo ni lako na sitakunyima. Ulikuja, ulikaa, ulikula, ukaomba uongezwe.

Kuhusu mitini yako, umesema niamue mimi. Siamui. Ing'oe mwenyewe au uiache itupe tini mpaka izeeke. Ikianguka nitaokota na kutia kwenye mashimo ya ndizi, saa nitakayotaka.

Sasa niseme la mwisho, ambalo hakuna mwingine aliyeliona.

Nilipokuwekea sahani, ulinawa. Ukafuta mikono. Ukatazama ugali. Kisha ukanawa tena, polepole, ukimwuliza Lorna habari za watoto, mpaka Lorna akamega tonge lake, akachovya, akameza. Ndipo na wewe ukamega.

Hukujua kwamba unafanya hivyo, nadhani. Pengine ungeapa hukufanya. Lakini mimi nilikuwa nimekaa mbele yako, na nimeyatazama macho ya namna hiyo tangu mwezi wa tatu. Ulisema ukweli mbele ya kijiji kizima, na tumbo lako bado linaniogopa.

Sikusema kitu kwa sababu watu walikuwa wanatazama, na nilihitaji wakuone unakula. Nilikuongeza mchuzi.

Utakuja tena Desemba, wewe na mke wako na watoto. Nitapika. Wote watanawa na wote watangoja.

Utaanza wewe.

Loice Kemuma